Kuvuta Si Kushusha

Mwaka ule Leopards, timu ya taifa, walirudi kutoka Kombe la Dunia Ujerumani na mabao tisa ya Yugoslavia kichwani, na tangu hapo Bunia haikukosa mwalimu wa mpira. Fundi baiskeli alikuwa mwalimu. Muuza chumvi alikuwa mwalimu. Hata mama ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani aliweza kukueleza kwa nini beki wa kulia alistahili viboko. Watu walikuwa na hasira na wachezaji, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda, maana Kinshasa ni mbali. Basi ilibaki pale pale mjini ikingoja mchezaji wa karibu, na mchezaji wa karibu akawa Rémy Udaga.

Rémy alikuwa kijana wa Mahagi-Port, mtoto wa mvuvi, mrefu, mwenye mikono mirefu kuliko inavyohitajika kwa mtu anayecheza kwa miguu. Klabu ya Radi ndiyo iliyomleta mjini, ikamtafutia kazi kwenye depo ya kahawa na chumba kwa mama Vahwere, mjane aliyeuza mandazi karibu na soko. Alikuwa beki. Kazi ya beki ni kuzuia, naye alizuia kwa bidii bila kelele, na mtu asiye na kelele hajulikani. Hata jina la Rémy lilikuwa la kufichwa, kwa kuwa Serikali ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo. Kazini aliitwa citoyen Udaga, yaani raia Udaga, kwenye klabu Udaga, na mama Vahwere alimwita “mupangaji” tu. Mjini kote mtu mmoja ndiye aliyemwita Rémy, naye alikuwa Hubert Kiza.

“Kwenu banakuita nani?” Hubert alimuuliza wiki ya kwanza.

“Rémy.”

“Basi hata miye nitakuita vile. Kama polisi iko karibu, nitakohoa.”

Hubert alikuwa mtoto wa Mudzipela, mtaa wa juu wa Bunia, wa ukoo wa wafugaji, na alikuwa golikipa wa Makasi, klabu isiyopikika chungu kimoja na Radi. Lakini kwenye depo walikuwa jozi. Gunia la kahawa halipandi kwenye lori kwa nguvu za mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili, yule anashika pembe mbili, mnalipembeza, na kwa “hop” mnaliachia pamoja. Ukitupa kabla ya mwenzako, unajivunja kiuno mwenyewe; ukichelewa, unamvunja yeye. Wengine walibadilishana wenzao kila wiki kwa ugomvi. Hawa wawili walipakia malori ya Aru na ya Mahagi tangu kiangazi hadi mvua wala hawakuhitaji tena kusema “hop”.

Saa sita mchana Hubert alikuwa akimchukua nyumbani kwao kula. Baba yake, mzee Antoine, alikuwa mtu wa maneno machache na maziwa mengi. Mara ya kwanza Hubert alimsindikiza Rémy hadi barabara kubwa, kama ilivyo desturi. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu mzee akamkemea mwanawe mbele ya wote.

“Unamusindikiza juu ya nini? Mugeni ndiye banamusindikizaka. Huyu anajua njia.”

Tangu siku hiyo Rémy alikuwa akimaliza kula, ananawa, anamuaga mama Félicité, mama yake Hubert, anajiondokea peke yake, na hakuna aliyenyanyuka. Alikuwa mtu wa mbali aliyekaa chumba cha kupanga, hivyo hakuna heshima iliyowahi kumfurahisha kama ile ya kuachwa aende mwenyewe.

Siku moja, lori likiwa limechelewa, Rémy alikuta kamba ndefu deponi akamwonyesha Hubert jinsi kwao wanavyovuta wavu wa kokota. Wavu uko ziwani, watu wako mchangani. Unaegemea nyuma hadi makalio yanakaribia kugusa ardhi, unavuta mkono kwa mkono kuelekea kifuani, unarudi nyuma hatua moja, unavuta tena. Hubert, ambaye samaki alimjua akiwa amekaushwa tu, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

“Siku nitakufunga,” Rémy akasema, “nitakuvuta hivi hivi mbele ya batu yote. Kama samaki mukubwa.”

“Weye, beki? Nitazeeka nikingoja.”

Ikawa salamu yao. Wakipishana njiani, mmoja alikunja vidole viwili na kuvuta hewa kidogo, na mwingine akatoa macho kama samaki aliyenaswa. Utani wa kitoto, sikatai. Lakini mtu aliye peke yake mjini hula hata makombo ya utani, na ule kwa Rémy haukuwa makombo.

Mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimekolea, mzee Antoine alifariki. Walimzika siku ya Alhamisi. Hubert mwenyewe alimwomba Rémy ashike kamba moja ya jeneza, kwa sababu alijua kamba zinamtii. Walikuwa wanne: wapwa wawili wa marehemu, Katsuva wa deponi, na Rémy. Kamba zilikuwa zimelowa na zilichoma viganja, nao walizilegeza polepole, kidogo kidogo, mpaka jeneza likatua. Hubert alisimama upande wa kichwa akiangalia chini. Hakulia. Jioni hakula. Kesho yake hakusema neno. Rémy alilala kwao usiku mbili kwenye mkeka wa matanga, ubavu kwa ubavu na rafiki yake, na hakupata kutoka kwake hata “ndiyo”. Mama Félicité alikuwa akimtazama mwanawe kwa hofu, maana mtu aliyefiwa akilia, watu wanajua pa kumshika, asiyelia, hawajui.

Jumapili ilikuwa mechi ya kombe, Radi na Makasi. Kombe halingoji matanga, na Makasi haikuwa na golikipa mwingine wa maana. “Enda,” mama Félicité alimwambia Hubert. “Baba yako hakukosaka mupira hata siku moja.” Hubert akaenda kama mtu aliyetumwa sokoni.

Mpira ulikuwa mbaya, wa matope na mateke. Karibu na mwisho Radi walipata kona. Rémy akapanda mbele kwa sababu ya urefu wake tu, mpira ukamkuta hewani, ukampiga kwenye paji la uso na kuingia pembeni mwa goli. Hakuwahi kufunga bao Bunia. Kwa kweli hakuwahi kufunga bao mahali popote penye watu wengi. Akamwona Hubert amekaa kwenye matope, anautazama mpira wavuni kwa uso ule ule wa Alhamisi, na moyo wake ukamwambia: sasa, mchekeshe. Akaegemea nyuma, akanyoosha mikono ile mirefu, akaanza kuvuta. Mkono kwa mkono. Hatua nyuma. Mkono kwa mkono.

Kisha sauti moja, upande wa Makasi, ikapiga kelele:

“Anashusha maiti! Anamuonyesha kaburi ya baba yake!”

Wakati huo ndipo Rémy alipoona alichokuwa akifanya. Watu wa Bunia hawajui wavu wa kokota. Kamba wanayoijua wote, mikono miwili kwa kupokezana, ni ile ya makaburini. Akamtazama Hubert. Hubert alikuwa ameinama, amefunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yalikuwa yakitikisika. Kwa siku tatu hakulia, na sasa, Rémy aliwaza, nimemliza mimi. Mikono ikamwanguka. Madongoa ya udongo yalianza kurushwa, mwamuzi akamtoa nje kwa usalama wake, na Radi walishinda moja kwa sifuri bila mtu hata mmoja kuimba njiani.

Haya basi, wenye midomo wakapata kazi. Jumatatu asubuhi, deponi, wafanyakazi walisimama mbele ya bendera kama kila siku kukiimbia na kukichezea Chama kilichotawala. Yule aliyeongoza nyimbo akasema kwanza neno kuhusu raia wanaofurahia msiba wa mwenzao. “Furaha iko na adabu yake,” akasema. Kisha akawaamuru wote wacheze, na wote wakacheza, viuno na mikono, na aliyecheza kwa uvivu akakemewa. Ndivyo mambo yalivyokuwa: usipocheza Jumatatu ni kosa, ukicheza Jumapili ni kosa. Rémy alicheza mstari wa nyuma, na nafasi ya mtu mzima ilibaki wazi kila upande wake.

Padre alihubiri juu ya mkulima anayejisifu kwa mavuno mbele ya jirani mwenye njaa, hakutaja jina, na kanisa zima likageuka kumtazama mtu mmoja. Kwa fundi baiskeli walibishana mpaka jioni kama mchezaji ana ruhusa ya kushangilia bao lolote. Wengine walisema ashangilie kwa kiasi, wengine amshike mkono golikipa kisha arudi katikati kimya kimya. Mama Vahwere, aliyepita na beseni lake la mandazi, aliwauliza: “Basi bacheze mupira bakilia?” Lakini huyo ni mwanamke mmoja na beseni moja. Aliyesikilizwa ni Katsuva.

“Miye nilikamata kamba pamoja naye,” Katsuva alisema kila alipopewa kiti, na wiki ile alipewa viti vingi. “Ile mikono naijua. Siku ya Alhamisi ilifanya vile, siku ya dimanche, ya mupira, ikafanya vile.”

Kwenye klabu walikaa mkutano. Mkuu wa klabu alitunga amri kwamba mchezaji wa Radi akifunga atarudi katikati mikono ikiwa chini. Hakuna aliyemuuliza Rémy alikuwa akifanya nini. Angeulizwa angesema: kuvuta si kushusha. Anayevuta analeta kifuani, anayeshusha anapeleka mbali. Mtoto wa miaka minne wa Mahagi-Port angeona tofauti. Chumbani kwake alifanya yote mawili kwa kupokezana, kuvuta, kushusha, kuvuta, kushusha, akijitetea mbele ya ukuta, na ukuta haukubisha.

Lakini sikiliza: watu wote hawa hawakumuumiza kwa kina. Aliyemuumiza ni yule ambaye hakusema kitu. Hubert alikuwa nyumbani, kwenye matanga, na kutoka Mudzipela halikuja neno, wala zuri wala baya. Hilo ndilo Rémy alilolitaka usiku na mchana, neno moja la Hubert. Na matanga yalikuwa yaondolewe mwisho wa wiki.

“Enda ku kilio,” mama Vahwere alimwambia. “Enda leo. Haiko kesho.”

“Niende niseme nini, mama?”

“Ku kilio banaendaka kusema? Banaendaka kukaa.”

Akanunua sukari ya chai ya matanga, akaenda. Alifika hadi ua wa matete wa mzee Antoine. Ndani watu walikuwa wakizungumza, mtu akasema jina lake, “Udaga”. Rémy alisimama nje ya ua ameshika sukari yake. Alisikiliza kama Hubert atasema kitu. Hakusikia sauti yake. Alisubiri kidogo tena, akaona aibu ya kusimama pale kama mwizi, akageuka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na huyu hakufika hata mlangoni. Alijiambia atarudi kesho. Kesho akajiambia kesho. Jumamosi alikaa kitandani akijua kwamba huko juu watu wanaondoa matanga, wanakula pamoja, mkeka unakunjwa. Ile sukari ilibaki juu ya rafu, ikashika unyevu wa mvua, ikawa jiwe.

Kabla Hubert hajarudi kazini, Rémy alimwomba mkuu wa depo ampeleke kwenye kufagia maganda. Alisema kiuno kinamuuma. Ukweli ni kwamba hakutaka Hubert alazimike kushika gunia moja na yeye. Hubert aliporudi alikuta pembe mbili za gunia ziko mikononi mwa Katsuva. Walionana kwa mbali, ua mzima wa depo katikati yao. Mara moja Hubert aliinua mkono upande wake. Rémy aliona mkono unapanda, hakungoja kujua unataka nini, akainamia ufagio. Mwaka haukwisha, Hubert akapata kazi Aru, kwenye forodha ya kahawa, akahama.

Rémy aliendelea kucheza mpaka mwisho wa msimu. Kila alipogusa mpira, upande wa Makasi uliimba “Shusha! Shusha!” na siku nyingine hata watoto wa Radi waliitikia kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Katika mechi ya mwisho, dhidi ya timu ya Mambasa, mpira ulimgonga tena ukaingia. Alikumbuka amri ya klabu. Akasimama mikono ikiwa chini, macho chini, akatembea hadi katikati. Unadhani walimsifu? “Anaringa!” wakasema. “Goli yetu haimufurahishe!” Siku hiyo alivua viatu vya mpira akampa mtu, na hakuvitafuta tena.

Angeweza kurudi Mahagi-Port. Lakini mtu aliyeondoka kwao akiimbiwa hawezi kurudi akiwa na jina la mzika watu, na habari zilikuwa zimemtangulia kwa malori yale yale aliyoyapakia. Alibaki. Alifagia maganda. Aliwahi kupeleka posa kwa familia moja, wajomba wakauliza, “Huyu haiko yule wa makaburi?” na hakurudi mara ya pili. Ndivyo alivyokuwa, hakurudi mara ya pili popote. Mama Vahwere alikufa, chumba kikachukuliwa na mwanawe, naye akapanga kingine, na huko hakuna aliyempa hata jina la “mupangaji”.

Miaka ikaenda, zaidi ya kumi. Watu wakasahau, maana watu hawaweki hasira, wanaitupa wanapopata mpya. Jumapili Rémy alikuwa akienda uwanjani, anasimama pembeni penye kibendera cha kona. Vijana wa siku hizo walifunga bao wakakata viuno, wakajipindua hewani, wakalala chini wakapiga miguu, na uwanja ukapiga makofi. Siku moja mzee aliyesimama karibu naye alimwambia, “Zamani haikukuwa hivi, papa. Ilikuwaka beki moja hapa, alifunga goli akaenda kucheza juu ya kaburi ya mutu. Kweli. Miye niliona kwa macho.” Rémy akamuuliza yule beki alienda wapi. “Alishakufa,” mzee akasema, na akarudi kutazama mpira. Rémy alikaa na jibu hilo wiki nzima.

Kiangazi cha mwaka themanini na tano, mama Félicité akafariki. Rémy alizisikia habari sokoni, pamoja na hii, kwamba Hubert amekuja kutoka Aru na watoto wake. Safari hii hakungoja kesho. Alinunua sukari, akavaa shati lake zuri, akapanda Mudzipela mchana kweupe. Ua haukuwa tena wa matete, ulikuwa wa matofali, na mlango ulikuwa wazi. Akaingia.

Hubert alinyanyuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa amenenepa na nywele zimeanza kuwa na mvi. Alimtazama kidogo kabla ya kumtambua, kisha akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima zote.

“Karibu, papa Udaga. Umefanya vizuri kuja. Mutoto, lete kiti.”

Kiti kikaletwa. Wenyeji walikuwa kwenye mkeka, na Rémy akakaa juu, kwenye kiti, magoti yake yakiwa karibu na vichwa vya watu. Sukari ikapokelewa kwa mikono miwili na kupelekwa jikoni. Akaletewa chai. Waliulizana habari za Aru, habari za kahawa, bei ya mafuta ya lori. Hubert alijibu kila kitu vizuri. Rémy aliona chai inakwisha na yeye hajasema alichokuja nacho tangu mwaka ule.

“Hubert,” akasema, “ile siku ya goli. Haikukuwa kaburi. Ilikuwa wavu.”

Hubert aliweka kikombe chini.

“Najua.”

“Unajua?”

“Miye nisijue? Weye ulinionyesha ku depo, na kamba. Nilikaa chini kwenye matope, nikakuona unanivuta kama samaki, na nikacheka. Tangu baba kufa, ile ndiyo mara ya kwanza nilicheka. Nilifunika uso juu batu basinione, mutoto ya marehemu anacheka siku ya tatu. Nilicheka mpaka tumbo ikauma.”

Mabega yale. Miaka yote ile Rémy alikuwa ameyaona yakitikisika kila alipofumba macho, na hakuwahi kuwaza kwamba kilio na kicheko hutikisa mabega ya mtu namna moja.

“Nilisema kwa batu,” Hubert akaendelea, bila kupandisha sauti. “Hapa hapa, kwenye kilio ya baba. Nikabaambia ni wavu, ni mambo yetu sisi wawili. Katsuva akaniuliza: kama ni wavu, mwenyewe iko wapi? Mutu anakosa ku kilio juu ya nini, kama roho yake iko safi? Nikabaambia atakuja. Kila siku nikabaambia atakuja. Mama alikuwekea nafasi kwenye mukeka, karibu na miye, pale ulilala. Siku ya kuondoa matanga, akaikunja mwenyewe.”

“Nilikuja mpaka ku lupango, pale ku ua ya matete,” Rémy akasema. “Nilisimama inje.”

“Aa,” Hubert akasema. “Inje.”

Watu walikuwa wakiingia na kutoka. Mtoto akapita na kuku mkononi. Rémy alitaka kusema mengi, juu ya sukari iliyogeuka jiwe, juu ya ufagio, juu ya mkono ulioinuliwa siku ile deponi. Akauliza hilo la mwisho tu.

“Ile siku ku depo, uliinua mukono. Ulitaka kuniambia nini?”

Hubert alifikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani. “Sikumbuke,” akasema. “Labda ilikuwa vidole viwili.”

“Uko na hasira na miye?”

“Hapana, papa Udaga. Hasira ilikwisha zamani sana.” Akamwangalia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya mtu mzuri, ndiyo maana iliuma. “Ila na ile ingine, ile yetu sisi wawili, nayo ilikwisha.”

Rémy akamaliza chai. Akaaga wenyeji, mmoja mmoja, akatoka uani. Alipofika mlangoni alisikia hatua nyuma yake. Hubert alikuwa amevaa viatu, amefunga kifungo cha shati, anamfuata.

“Rudi kwa batu yako,” Rémy akasema. “Unanisindikiza juu ya nini? Njia naijua.”

Alisema maneno ya mzee Antoine kwa makusudi, na alingoja. Hubert hakuyatambua, au aliyatambua akayaacha yapite.

“Hapana, papa. Si vizuri mugeni aende peke yake.”

Wakatembea pamoja, wakizungumza juu ya mvua ambazo zingechelewa mwaka huo. Kwenye barabara kubwa Hubert alisimama mahali pale pale alipomsindikiza mara ya kwanza, akampa mkono kama mwanzo, wa kushoto umeshika kiwiko, akamtakia njia njema. Rémy akaenda. Alipokuwa mbali kidogo aligeuka. Hubert alikuwa bado amesimama, maana ndiyo adabu, mgeni unamtazama mpaka apotee. Rémy akanyoosha mkono wake mrefu, akakunja vidole viwili, akavuta.

Hubert akainua kiganja chote, akampungia kama anavyopungiwa mgeni yeyote, akarudi kwa watu wake.